Ndoo Kutoka Makutano

Asali ilikuwa ya Guka, na hilo Mama hakulisahau hata siku moja.

Vitu vingine vyote vilikuwa vyetu. Mapipa yalikuwa yetu, na chupa, na kile chumba cha mabati ambacho kilikuwa zizi la ng'ombe kabla Baba hajakimwagia sakafu ya saruji. Matunda ya karakara yalitoka Kianjokoma, upande wa Embu, kwa ndugu zake Mama. Mimi nilileta kipimajoto na yale niliyosoma chuoni kuhusu vyakula na uchachushaji. Lakini asali ilitoka kwenye mizinga ya Guka, iliyoning'inia mitini nyuma ya boma, kule mteremko unakoshuka mtoni, na hakuna asali nyingine iliyokubali kazi yetu ya mvinyo. Tulikuwa tumejaribu. Ya sokoni ilinuka moshi, na mvinyo wake ukanuka moshi pia. Ya dukani ilikuwa tamu tu, ikatupa kitu kama maji ya peremende. Ya Guka ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, wa maua ya msituni, na uchungu huo ndio uliowafanya watu wa hoteli za mjini Meru watupigie simu tena.

Guka ni baba yake Baba. Watu wazima wanamwita Mzee Kailemia. Maisha yake yote amekuwa akipika uki, ile pombe ya asali ambayo kwetu haikosi pale watu wanapokuja kuomba binti. Katika boma lake, wanawake walibeba maji ya uki na kuosha vibuyu vyake. Kuugusa ukishaanza kuchacha, hapana.

Ukiiva, Guka alikuwa na desturi aliyoachiwa na baba yake. Alichota pembe ya kwanza, akapiga funda moja, akalitema kwa mnyunyizo kifuani kwa yule anayebarikiwa. Kilichobaki kwenye pembe alikwenda kukimwaga kwenye kizingiti cha nyumba ulikopikwa uki huo. Kabla ya kumwaga aliuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mwenye uki ni nani?" Na kwa kuwa mpishi alikuwa yeye mwenyewe, alijijibu, "Ni mimi." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo. Nilikuwa nikicheka nikiwa nimejificha nyuma ya sketi ya Mama. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika mtungi wa maji.

Guka na Mama hawakuzoea kuzungumza. Kwao mzee na mkazamwana ni watu wa kuheshimiana kwa mbali, na Mama, ambaye jina lake ni Ruguru, alilishika jambo hilo sana kwa sababu alikuja boma lile akiwa mgeni kutoka Embu. Maneno yao yalipitia kwangu. Niliyazoea hata sikuyaona tena kuwa kitu.

Mvua za Novemba zilipokwisha, Guka alikuja akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mvinyo, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Mama alikuwa ndani akikamua karakara. Mimi nilikuwa nasuuza chupa katikati yao.

"Gatakaa," Guka akasema, "mwambie mama yako ile asali niliyompa imetimiza mwaka."

"Anakusikia, Guka."

"Najua anasikia. Mwambie."

Nikageuka. "Mama, Guka anasema..."

"Nimesikia. Mwambie Baba asante."

"Anasema asante."

"Sikuja kutafuta asante." Akaigonga bakora yake chini polepole. "Wazee wananiuliza asali yangu inaenda wapi. Juzi Nyamu ameniambia, Kailemia, siku hizi uki wako umevalishwa chupa kama dawa ya kikohozi. Wakacheka. Nami nikacheka, lakini nikafika nyumbani nikiwa bado nafikiri. Hayo mashindano yenu ya Makutano, nitakuja. Nikiona asali yangu inaheshimiwa, mtavuna tena. Nikiona inachezewa, inarudi kwa kibuyu, na hili zizi mrudishe ng'ombe."

Nyuma yangu kinu cha kukamulia kikanyamaza. Sikuhitaji kupeleka ujumbe huo.

Jioni Mama aliosha vifaa vyote mara ya pili, hata vile ambavyo havikutumika. Nilimwambia asijali, Guka hupenda kutisha. Akaniambia, "Gatakaa, boma hili nimeolewa nikiwa na umri kama wako. Nimepika, nimelima, nimezika, nimeuguza. Lakini hiki ndicho kitu cha kwanza hapa ambacho watu wakikitaja wanasema, ni cha Ruguru." Akaninyang'anya kitambaa, maana nilikuwa napangusa sehemu moja tu.

Mashindano yale yalikuwa ya mvinyo wa nchi nzima. Waonjaji walitoka Nairobi wakizunguka huku na huku wakichagua mivinyo itakayowekwa kwenye meza kuu mwisho wa mwaka, na zamu yetu ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja pale Makutano. Baba alitupeleka kwa pikapu. Zamani Baba alikuwa dereva wa miraa, kabla hajaichoka kazi hiyo. Aliitoa mjini Maua akaifikisha Nairobi kabla ya alfajiri, na mguu wake haujawahi kusahau.

"Baba Gatakaa, hii si miraa," Mama akamwambia kwenye kona ya kwanza.

"Mimi najua. Ni gari ndilo halijaambiwa."

Guka aliketi mbele amevaa koti lake la kanisani na kofia ya manyoya, kimya kama mtu anayekwenda mahakamani.

Ukumbini palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake walisimama wenye mvinyo wao. Karibu wote walikuwa wanawake. Kulikuwa na mama mmoja wa Machakos mwenye miwani mikubwa, dada wawili kutoka Naivasha waliovaa aproni za rangi moja, na wengine ambao sikuthubutu kuwasalimia. Mama alisimama mwishoni, mikono nyuma. Mimi niliketi na Guka safu ya mbele ili nimweleze mambo.

Guka aliwaangalia wote kwa zamu. "Wanaume wako wapi?"

"Wale pale, Guka. Wanabeba masanduku."

Alimtafuta Baba kwa macho, akamwona amekumbatia sanduku la chupa, jasho likimtoka. "Hm," akasema.

Mwonjaji mkuu alikuwa mwanamke, Bi Gladwell, mrefu, nywele fupi zenye mvi. Alikaa katikati ya wenzake wawili, na mmoja wao, kijana aitwaye Ndambiri, ndiye aliyekuwa akitoa maelezo. Alisema chupa zote zimevishwa karatasi ya kaki na kupewa namba, ili anayeonja asijue mvinyo ni wa nani. Nilimfasiria Guka kwa Kimeru. Akatikisa kichwa akiridhika.

"Hapo wamefanya vizuri. Mtu akijua kibuyu ni cha shemeji yake, ulimi unadanganya."

Nikapumua. Nilidhani siku itakwenda vizuri.

Bi Gladwell akainua glasi ya kwanza, akaitazama kwenye mwanga, akaingiza pua.

"Kwani umeoza?" Guka akanong'ona.

"Hapana, Guka. Ndivyo kazi yao ilivyo."

Akapiga funda. Akauzungusha mvinyo mdomoni. Halafu akainama kando na kuutema kwenye ndoo ndogo ya chuma iliyokuwa karibu na kiti chake.

Guka akaketi wima. Niliona uso wake unabadilika, lakini si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Anabariki," akasema.

Kabla sijamweleza, wakaendelea. Glasi ya pili ilinuswa, ikaonjwa, ikatemwa. Ya tatu hivyo hivyo. Bi Gladwell na wenzake wote walitema kwenye ndoo ile ile, na Guka kila mara aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesema amina. Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Mbona anabariki ndoo?"

Glasi yetu niliijua kwa rangi, ile ya dhahabu yenye wekundu kidogo. Bi Gladwell aliinusa mara mbili. Alipoonja alikaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko zingine, macho akiwa ameyafumba. Kisha nayo akaitema. Guka akanipiga goti kwa kiganja. Najua alikuwa amefurahi.

Ndipo Murungi, mhudumu wa hoteli, akaja akaichukua ndoo ile kwa sababu ilikuwa imejaa hadi nusu, akaweka nyingine. Akapita mbele yetu.

"Kijana, unapeleka wapi hiyo?" Guka akamwuliza kwa Kiswahili chake.

"Kumwaga, mzee."

"Kumwaga wapi?"

"Choo."

Guka akasimama. Bakora yake ikauziba mlango kabla yeye mwenyewe hajafika, na Murungi akajikuta amesimama katikati ya njia na ndoo mkononi, akitazama bakora, asijue kama acheke.

"Hii si kitu ya kumwaga choo," Guka akasema.

Nilimkimbilia. Nilimweleza haraka, kwa sauti ya chini, kwamba yule mama hakuwa akibariki. Waonjaji hutema ili wasilewe. Mivinyo ni mingi, wakimeza yote hawatajua tena kipi ni kipi. Ni kazi tu, Guka, hawakuwa na nia ya kubariki.

"Hawakuwa na nia," akarudia.

"Hawakuwa."

"Mvua ikinyesha ina nia na shamba langu?"

Niliitazama ndoo iliyokuwa mkononi mwa Murungi.

"Wameonja asali yangu mbele ya watu. Mwenye kuonja ni mkubwa wao. Ameitoa kinywani. Imekwisha kuwa baraka, ajue asijue. Sasa inaenda choo." Akaivaa kofia yake vizuri. "Mwambie baba yako awashe gari. Na mwambie mama yako nimeona."

Nilimtazama Mama kutoka kule mlangoni. Hakuweza kuondoka mezani, kazi ilikuwa inaendelea. Hata angeweza, asingeweza kumkabili Guka. Alikuwa ameelewa kila kitu kutokana na kofia ile. Alianza kukusanya vizibo vyetu mezani na kuvitia mfukoni kimoja kimoja, kama mtu anayefunga duka.

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Chuoni nilikuwa nikijua jibu na kuliacha lipite. Lakini nilipoona vile vizibo, nilimwambia Murungi, "Tafadhali usiende popote," nikatembea hadi kwenye meza ya waonjaji. Nilisimama kando ya Bi Gladwell mpaka akaniona.

"Samahani, madam. Naomba ile ndoo."

"Sijakusikia, mrembo. Sema kidogo kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Bahati mbaya ukumbi ulikuwa umenyamaza wakati huohuo. "Naomba ndoo ya mate yenu."

Ndambiri akakohoa ndani ya glasi. Wale dada wa Naivasha walitazamana. Lakini sasa nilikuwa nimekwisha kusema lililo baya zaidi, kwa hiyo lililobaki lilitoka lenyewe. Nilimwambia kuhusu funda la kwanza, na kifua, na kizingiti. Nilimwambia kwamba mzee yule aliye mlangoni ndiye mwenye asali, na asali yake iko katika...

Bi Gladwell akainua kiganja haraka. "Hapo hapo. Usiniambie ni namba gani. Karatasi za alama bado ninazo."

"Sitasema."

Akanitazama kidogo. Halafu akaweka kalamu chini, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, ukumbi wote ukimfuata kwa macho. Alimpa Guka mikono yote miwili.

"Mzee, nimesikia nimekosa."

"Hujakosa," Guka akasema. "Kutema umetema vizuri. Ni huyu kijana anataka kupoteza."

"Mimi nimetumwa," Murungi akasema.

"Basi ndoo ni yako, mzee," Bi Gladwell akasema. "Zote mbili. Lakini ngoja nimalize, maana kazi bado. Na kuna mivinyo ya watu wengine humo ndani, si wako peke yake."

Guka akafikiri. "Nao waliipika?"

"Waliipika."

"Basi wacha ikae."

Akarudi kwenye kiti chake. Murungi akamletea ile ndoo, na baadaye ile ya pili akaimimina humo humo, na Guka akaiweka katikati ya viatu vyake, akaifunika kwa kofia yake. Hivyo ndivyo alivyokaa mpaka mwisho. Kulipokuwa na mapumziko ya chai, wale wanawake walikuja mmoja mmoja kumwona. Yule wa Machakos aliinama akachungulia chini ya kofia.

"Na yangu imo, Guka?"

"Yako ni gani?"

"Ya asali na ukwaju."

"Imo. Wewe unaitwa nani? Nitakutaja."

Wakaanza kumwambia majina yao. Alikuwa akiyarudia chini kwa chini kama mtoto anayetumwa dukani. Mama alikuwa ameacha kukusanya vizibo. Niliona amevitoa mfukoni na kuvipanga tena mezani, mstari mmoja.

Matokeo yalisomwa alasiri. Katika mivinyo ya asali, yule wa Machakos alikuwa wa kwanza na Mama wa pili, na wote wawili wakachaguliwa kwenda kwenye meza kuu ya Nairobi. Mama alipoitwa jina alikwenda mbele huku akipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Bi Gladwell alimnong'oneza neno. Baadaye Mama aliniambia alichosema: kwamba ule uchungu wa mwisho asiuondoe, hata akishauriwa na nani.

"Huyo wa kwanza," Guka akaniuliza, "nyuki wake wanakula nini?"

Safari ya kurudi, Guka alikataa ndoo ikae nyuma. Akaipakata mwenyewe.

"Polepole," akamwambia Baba.

"Naenda polepole."

"Hapo ulipo ni polepole ya Maua. Mimi nataka polepole ya watu."

Baba akapunguza mwendo mpaka wanawake waliobeba kuni wakatupita. "Miaka yote nimekimbiza mzigo wa watu, nisikamatwe, nisichelewe," akalalamika, "leo nimebeba mate, na ndiyo nimeambiwa nisimwage." Mama akaanza kucheka nyuma nilipokuwa nimeketi naye kati ya masanduku. Alicheka hadi akanishika mkono ili asianguke.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Baba akaipokea ndoo, akaelekea moja kwa moja nyumba ya Guka, maana huko ndiko uki ulikomwagwa siku zote.

"Wewe, unaenda wapi?" Guka akamwita.

"Si kizingitini kwako?"

"Kwani ni mimi nimepika?"

Baba akasimama. Guka akaichukua ndoo, akavuka uwanja taratibu, mkono mmoja kwenye bakora, akapita benchi yake, akafika kwenye mlango wa chumba cha mabati. Hakuwahi kuuelekea mlango ule. Siku zote aliketi ameupa mgongo. Akavua kofia. Akaanza kuwataja wale wanawake, yule wa Machakos kwanza, kisha dada mmoja wa Naivasha, kisha majina yakamchanganyikia. "Na wale wengine wote," akasema, "wale mama. Mungu anawajua, nimewaona kwa macho."

Akainua ndoo.

"Mwenye uki ni nani?"

Kuku walikuwa wakichakura karibu na benchi. Mama alisimama hatua chache nyuma, funguo za mlango mkononi, macho chini. Nami, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikamgeukia. "Mama, Guka anauliza..."

"Gatakaa." Guka hakunitazama. "Sikukutuma. Nimemwuliza mwenyewe."

Mama akainua uso.

"Ni mimi, Baba."

Guka akamwaga. Mvinyo ukasambaa juu ya saruji, ukaingia katika ufa ulio chini ya mlango, na harufu ya asali na karakara ikapanda juu. Alipomaliza, aliikung'uta ndoo mara moja, akampa Baba, kisha akamgeukia Mama. Hakumtazama usoni sana, lakini alimgeukia.

"Ule mzinga wa juu uko tayari. Mje na debe safi. Lile la mwaka jana lilinuka sabuni."

"Tutalisuuza vizuri, Baba," Mama akasema.

Asubuhi tulipokwenda kufungua, hatukuweza kuingia. Nyuki wa Guka walikuwa wamejaa kizingitini, weusi, wakitembea polepole juu ya saruji na kunyonya katika ule ufa. Baba alitaka kuwafukuza kwa moshi. Mama akamkataza. Alikunja sketi yake, akaniomba nimshike kiuno, akaingilia dirishani.